Sikusema Kitambaa cha Rangi Gani

Rumonge, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri

Zaituni, mdogo wangu,

Leo wameniita ofisini kwa mara ya nne. Nitakueleza nilichoandika kwenye karatasi yao, lakini mwishoni, kwa sababu ukikijua sasa hivi utacheka na hutanisikiliza tena.

Najua utasema nini. "Yaya, fupisha. Ugali inapoa." Miaka yote uliniita Yaya, kama watu wa ng'ambo ya ziwa alikotoka babu yetu wanavyowaita wakubwa wao, na miaka yote ulinikata nikiwa katikati ya sentensi. Sasa hakuna wa kunikata, ndiyo maana barua itakuwa ndefu. Nivumilie.

Kwanza habari za nyumbani. Mtoto ni mzima. Ni msichana, ana mashavu yako na hasira zako. Akicheleweshewa titi kidogo tu, mtaa mzima unajua. Amina, mkwe wako, ananyonyesha vizuri lakini hasemi sana. Jiko lako halina paa. Ukuta wa upande wa migomba umebaki, mweusi, na bado upo ule msumari ulipotundika mwiko wako. Nimekataa usipakwe chokaa. Habari za Saidi mwanao nitazifikia.

Na esansi ya magari na pikipiki bado haipatikani. Nakuambia hilo usije ukadhani kifo chako kimemwamsha mtu. Foleni ya pikipiki inaanzia kwenye pampu, inapita msikiti, inakunja kona ya soko la samaki wa ndagala, na vijana wamelala juu ya matangi yao mchana kweupe kama mijusi.

Yaliyotokea unayajua kuliko mimi, maana yalikupata wewe. Lakini afisa anayeniita ameyaandika vingine, kwa mashine, na nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba jambo lililopigwa mhuri hulishinda jambo lililotokea, isipokuwa mtu akae chini naye aandike. Basi naandika.

Nianzie pale mwalimu anapoanzia, kwenye neno. Kwetu hapa mawese ni mafuta. Esansi ya pikipiki ni mafuta. Mazutu ya lori ni mafuta, peteroli ya taa ni mafuta, na anachopakwa mtoto baada ya kuogeshwa ni mafuta pia. Darasani niliwafundisha watoto kuita kila kimoja kwa jina lake. Siku moja ulipita dirishani na kapu lako la samaki, ukanisikia, ukaniuliza mbele yao: "Mwalimu, na pua iko ya kazi gani?" Walicheka wiki nzima. Na ulikuwa na haki. Zamani pua ilitosha. Mawese yalikaa jikoni, esansi ilikaa kwenye pampu, na katikati yake kulikuwa na mji mzima.

Ni nani aliyeuondoa mji huo katikati? Hapo ndipo afisa hataki nifike.

Pampu zilikauka siku moja, tukaambiwa lori liko njiani. Zikakauka wiki, tukaambiwa ni vita vya nchi za mbali. Zikakauka msimu mzima, tukaambiwa ni watu wa magendo. Kisha likaja katazo: esansi isiuzwe wala isibebwe ndani ya bidoni, haya madumu yetu ya plastiki. Katazo hilo nalielewa. Bidoni si chombo cha esansi. Hata mimi ningelitia saini. Lakini katazo ni nusu ya sheria. Nusu ya pili ni kumwonyesha mtu mahali halali pa kupata anachohitaji. Ukikataza bila kutoa, hujaondoa kitu, umekihamisha. Zamani vijana waliuza esansi kando ya barabara, nje, kwenye upepo, kila mtu akiona. Walipofukuzwa, esansi iliingia ndani. Iliingia stoo, ikaingia chini ya vitanda, ikalala na watoto. Hakuna mama wa Rumonge aliyekaa akaamua hivyo.

Mimi na wewe tulikimbia bunduki mara mbili. Unakumbuka tulivyolala kwenye majani ya Tanzania, wewe ukiwa umekumbatia sufuria kana kwamba ndiyo watakayotuua kwa ajili yake? Tuliporudi ulisema, "Sasa kifo kikitaka kunipata, kinikute jikoni kwangu." Ulisema kwa mzaha. Sijaweza kulisahau neno hilo.

Sasa bidoni yenyewe. Amina alipofikisha mwezi wa nane walimpima kwenye kituo cha afya, wakamwambia mtoto amekaa vibaya, huenda akahitaji kupelekwa hospitali kubwa apasuliwe. Kisha muuguzi akashusha sauti: "Ambulansi iko. Shoferi iko. Mafuta ndiyo haiko. Siku ya uchungu mukuje nayo." Simlaumu muuguzi huyo. Alisema kweli, na alikuwa na aibu kuliko sisi.

Saidi akatafuta. Alipata lita tano kwa mtu wa Nyanza-Lac, aliyezipata ng'ambo ya mpaka. Zilikuja ndani ya bidoni ya njano, zikawekwa chini ya kitanda chao kumsubiri mtoto. Pikipiki ya Saidi ilikuwa imeegemea ukuta tangu mwezi uliotangulia, kavu, na haikuonja hata tone. Nataka hilo lisomeke vizuri. Kijana anayeishi kwa pikipiki alikuwa na esansi ndani ya nyumba na akaenda kupanga foleni kwa sababu ile haikuwa yake, ilikuwa ya ambulansi. Wewe ulinung'unika kwamba chumba kinanuka kama gereji, lakini ulijua ni ya nini.

Ulipokwenda Minago kukamua mawese ya ngazi zako, matunda ya michikichi yako, huku nyuma habari zikapita kwamba nyumba zitasachiwa, na kwamba wanaanza na vitanda. Saidi akaja kwangu. "Mjomba, tufanye je?" Nikafikiri kama mtu mwenye elimu. Nikamwambia iweke jikoni kati ya bidoni za mawese, hakuna askari anayesachi mawese. Nikaongeza: "Na ifungeni kitambaa."

Zaituni, hapa nakuomba usinikate.

Kila mama wa pwani hii akipeleka ngazi kukamuliwa hufunga ukanda wa kitenge kwenye mkono wa bidoni yake, ili mawese yake yasichanganywe na ya mwingine. Wako ulikuwa wa buluu wenye ndege weupe. Niliposema kitambaa, nilimaanisha alama ya kuitenga ile bidoni na nyingine: chekundu, cheusi, chochote kisicho chako. Saidi alielewa kwamba namwambia aivalishe kama dada zake, bidoni za mawese. Akarudi nyumbani, akararua ukanda kwenye kitenge chako kilichokuwa kambani, akaufunga vizuri. Mimi niliyefundisha watoto maisha yangu yote kumaliza sentensi, siku hiyo sikuimaliza yangu. Sikusema kitambaa cha rangi gani.

Asubuhi ulirudi na mvua, umepakiwa nyuma ya baiskeli, umelowa hadi mifupani. Saidi alikuwa foleni. Amina alikuwa chumbani, mgongo unamuuma. Hakuna aliyekwambia kwamba bidoni ile imehama. Kwa sababu ya mvua uliwasha mbabula ya makaa ndani ya jiko. Na mawese, kama kila mtu wa hapa anavyojua, huganda asubuhi ya baridi, na kila mama husogeza bidoni karibu na makaa ili yayeyuke. Mama yetu alifanya hivyo. Wewe ulifanya hivyo kila mwezi wa mvua wa maisha yako. Ulichukua bidoni yenye kitambaa chako. Ilikuwa imejazwa hadi shingoni, haikucheza. Kifuniko kilikazwa na nailoni, haikunuka. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Hata hivyo uliuliza, mdogo wangu. Wanaoandika "uzembe" hawajui kwamba uliuliza.

"Amina! Hii iko mafuta?"

Na Amina, ambaye kutoka chumbani hakuona umeshika ipi, akajibu: "Ndiyo, Mama. Iko mafuta."

Nyote wawili mlisema kweli.

Sitaandika kuhusu moto. Nitaandika kuhusu barabara. Uchungu wa Amina ulianza palepale uani. Mama Goreti, jirani yako uliyekuwa ukigombana naye kwa ajili ya kuku, aliita wanaume, zikaletwa ingobyi mbili, zile machela zetu za kusukwa, moja yako na moja ya Amina. Tukawabeba mabegani kwenye matope. Tulipita mbele ya kituo cha afya. Ambulansi ilikuwa imeegeshwa chini ya kibanda chake, nyeupe, imeoshwa. Shoferi alikuwa amesimama kando yake na kofia mkononi. Hakutuangalia. Mbebaji mmoja wa mbele alimwambia bila kusimama, "Iangalie isiibiwe," na hakuna aliyecheka. Tukaendelea kwa miguu mpaka hospitali.

Mtoto alitolewa hai. Wewe uliishi siku tatu. Siku ya pili uliniita, sauti ikiwa kama karatasi, ukauliza, "Mutoto iko sawa?" Nikasema yuko sawa. Ukasema, "Usiache wamuseme Amina." Nikaanza kukueleza kwamba hakuna atakayemsema, kwa sababu hii na hii na hii. Ukafumba macho. "Yaya. Fupisha. Sema ndiyo." Nikasema ndiyo.

Hilo ndilo lililonipeleka ofisini mara nne.

Tulipomaliza matanga walimchukua Saidi wakamtia kasho, yaani mahabusu. Siku ya pili yake nikaitwa mimi, mkubwa wa familia. Afisa alinipa kiti. Ni mtu mwenye adabu. Sitaki umfikirie kama jitu. Akanisomea: marehemu alikuwa akifanya biashara ya esansi ya magendo nyumbani kwake, na amekufa kwa uzembe wake mwenyewe. Nikitia saini, faili inafungwa, Saidi anarudi kwa mtoto wake.

"Hakuuza hata kijiko," nikamwambia.

"Mwalimu, mimi nakuheshimia," akasema. "Lakini marehemu haumizwi na karatasi. Kama haikuwa yake, basi kuna mtu alisema 'ndiyo, iko mafuta'. Unataka niandike huyo?"

Unaona walivyoipanga? Kosa lazima liwe la mwanamke wa nyumba ile. Walichoniachia nichague ni yupi tu: wewe uliyekufa au Amina mwenye kichanga. Zile pampu hazikuwemo. Ambulansi haikuwemo. Niliuliza kama ataandika kwamba gari lilikuwepo na halikuwa na kitu ndani ya tangi. Akasema hilo ni faili nyingine. Nikauliza faili hiyo iko ofisi gani. Akaangalia dirishani.

Mara ya pili nilikaribia kushindwa. Nakuambia kwa sababu hatujawahi kufichana. Walinipitisha kwenye kasho kwanza, nikamwona Saidi, amekonda, ndevu zimeota. Aliniambia kwenye nondo, "Mjomba, saini. Mama hatakasirika." Na jioni yake Amina akaniambia, mtoto akiwa kifuani, "Waniandike mimi, Baba Mwalimu. Si ni mimi nilijibu?" Niliishika ile kalamu mezani kwa afisa. Niliishika. Kilichonizuia si ushujaa. Niliona tu kwamba wameandika jina lako na kosa la herufi, na mkono wangu, kwa mazoea, ukaanza kurekebisha herufi badala ya kutia saini. Nikajiuliza: mzee, utarekebisha herufi na kuuacha uongo? Nikaiweka kalamu chini.

Nilipotoka nikamweleza Mama Goreti kila kitu. Hakunieleza anachofikiri. Alinishukuru tu kwa Kirundi, "Murakoze, Mwalimu," akafunga leso kichwani, akaondoka.

Mara ya tatu nilipofika, uwanja wa ofisi ulikuwa umejaa. Zaituni, laiti ungeona. Wamama wa mtaa wetu, wamama wa Gatete, wengine wametoka Minago kwa miguu, Waislamu na Wakristo, kila mmoja amekaa chini na bidoni ya njano magotini na kitambaa chake kwenye mkono wa bidoni. Chekundu, kijani, cha maua, cha nanasi. Hawakupiga kelele. Wengine walikuwa wanachambua mchele. Afisa alitoka akauliza wanataka nini. Mama Goreti akasimama taratibu, magoti yake unayajua.

"Shefu, tumekuja mutufunge. Sisi wote tuko na mafuta mu nyumba."

"Mafuta gani?"

"Wewe chagua."

Kicheko kilianza mbele kikaenda mpaka ukutani, hata askari wa mlangoni aligeuza uso. Kisha mama mmoja akasema mumewe anaficha yake ndani ya pipa la mahindi. Mwingine akasema yake iko chini ya kitanda cha mapacha. Mwingine, mzee kuliko mimi, akasema yeye hana esansi lakini ana bidoni, na anaomba afungwe na wenzake asibaki mtaani peke yake. Walisema mbele ya sheria, kwa majina yao. Afisa alisimama pale na karatasi yake ya mtu mmoja. Kasho yake haikuwatosha hata wa mstari wa kwanza.

Saa sita mchana Saidi alitolewa. Kwa muda, walisema, faili bado iko wazi. Alikuwa amekaa humo siku tisa.

Tufike leo. Kabla ya kutoka nilimwita Saidi, kwa sababu si haki yangu kuwa jasiri kwa mgongo wake. Nikamwambia: nikikataa tena wanaweza kukurudisha ndani. Alikuwa amembeba mtoto. Akamhamishia bega la pili, akasema, "Mjomba, kule ndani nilikwambia saini sababu niliogopa. Leo pia naogopa. Lakini huyu atajua kusoma." Kwa hiyo nikavaa koti langu la shule.

Afisa alikuwa amelainika. Alikuwa ameondoa neno "magendo". Ameondoa "biashara". Amebakiza moja tu: marehemu amekufa kwa uzembe wake. "Nimekusaidia sana, Mwalimu. Hilo moja tu. Lazima faili iwe na sababu."

Nikatoa karatasi zangu mbili, nilizoandika kwa mkono, mistari imenyooka. Nimeandika sababu zote. Nimeanza na jina langu, kwa sababu anayetaka kuhesabu makosa ya wenye nguvu lazima kwanza aandike lake: mimi niliyesema kitambaa bila kusema rangi. Kisha nikapanda. Aliyetangaza msako wa vitanda. Aliyekataza bidoni bila kujaza pampu. Aliyenunua ambulansi akasahau kwamba gari hunywa. Aliyetuambia lori liko njiani. Majina yao siyajui, nikaandika kazi zao. Wewe na Amina sikuwaweka popote, isipokuwa mwishoni, chini ya kichwa cha habari "Waliouliza na Waliojibu Kweli".

Afisa alisoma mpaka mwisho. Alisoma polepole, na kidole chake kilisimama mahali nilipotaja ambulansi. Kisha akavirudisha vikaratasi vyangu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuruhusiwa kula.

"Mwalimu, hii ni ndefu. Hakuna mahali pa kuiweka. Nafasi iko hii tu." Akanionyesha ule mstari wa chini, wa saini. Upana wa vidole vinne.

Nilitoka pale kwa miguu yangu. Wameniambia nirudi Jumatatu, na nitarudi. Wakiniita Jumatatu nyingine nitarudi tena. Mshahara wa uzeeni ni muda, na wangu nimeamua kuutumia kwenye benchi lao. Zile karatasi mbili Mama Goreti amezichukua. Nasikia zimeshanakiliwa kwa mkono hadi Nyanza-Lac, na kwamba wengine wanaongeza mistari yao chini.

Ninakuahidi haya. Mjukuu wako atajifunza kwangu mawese, esansi, mazutu na peteroli, kila kimoja kwa jina lake, na akinicheka nitamwambia amerithi. Atajua alizaliwaje na nani alibebwa kando ya mama yake. Ukanda wa pili wa buluu, ule uliokuwa kwenye bidoni ya mawese ya kweli, haukuungua. Ninao mfukoni mwa koti na nitakwenda nao kila nitakapoitwa. Na Amina hatasemwa, maadamu nina pumzi. Nilikwambia ndiyo.

Pumzika, Zaituni. Mungu akupoze pale ulipoungua. Kaa kwa amani, mama wa Saidi, na unisamehe kitambaa.

Ah, nilichoandika. Nilichukua kalamu yake, nikaisogeza karatasi karibu, miwani ikiwa puani. Afisa alishusha pumzi, akidhani yamekwisha. Na pale pa saini, kwenye ule upana wa vidole vinne, kwa mwandiko wa ubaoni, wa kusomeka hadi kiti cha mwisho, niliandika:

Hapana.

Umeona? Nimefupisha.

Kaka yako.